Eunice Williams: Mateka wa Vita vya Wafalme Aliyekataa Kukombolewa

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Aghalabu methali hii hutajwa ili kueleza madhila yanayowapata wanyonge pindi wakuu wanapozozana. Hata hivyo, methali yenyewe haielezi nyasi hizo hufanyaje baada ya fahali kuondoka uwanjani. Je, hunyauka zikapotea, au huota mizizi upya katika udongo mwingine? Maisha ya Eunice Williams, binti wa mchungaji aliyetekwa akiwa na umri wa miaka 7 katika vita vilivyozuka kwa sababu ya kiti cha enzi cha Uhispania, ni jibu mojawapo la swali hilo.

Makala haya yanasimulia maisha ya mwanamke huyo tangu alipozaliwa mwaka 1696 hadi alipofariki mwaka 1785. Aidha, yanadhihirisha kuwa wafalme wa Ulaya waliweza kugawana nchi, visiwa na bahari kwa mkataba, lakini hawakuweza kuamua mtoto huyu awe wa nani. Suala hilo liliamuliwa na lugha aliyoisema, ukoo uliomlea, na hatimaye yeye mwenyewe.

Kuzaliwa na Malezi

Eunice Williams alizaliwa tarehe 17 Septemba 1696 katika kijiji cha Deerfield, koloni la Massachusetts, katika eneo la kaskazini mashariki mwa nchi ambayo leo huitwa Marekani. Babake, John Williams, alikuwa mchungaji wa kijiji hicho na mhitimu wa Chuo cha Harvard. Mamake, Eunice Mather, alitoka katika ukoo wa Mather uliosifika kwa wahubiri wake mashuhuri kote katika koloni hilo. Familia hii ilikuwa ya Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali waliowafunza watoto wao kusoma Biblia na kukariri katekisimu tangu utotoni. Waliliona Kanisa Katoliki kuwa adui mkuu wa imani yao, na mtoto kugeuka Mkatoliki lilikuwa kwao pigo lililokaribiana na kifo.

Katika nyumba hiyo walikuwamo pia Parthena na Frank, mke na mume wenye asili ya Kiafrika, ambao walikuwa watumwa wa mchungaji. Ni vyema majina yao yakumbukwe, kwani masimulizi mengi ya kisa hiki huwapita kimya.

Deerfield kilikuwa kijiji cha watu wapatao 300, nacho kilikuwa mpakani kabisa mwa makazi ya Waingereza. Upande wa kaskazini ulikuwa na misitu mikubwa, na ng'ambo ya misitu hiyo, kandokando ya Mto St. Lawrence, palikuwa na Ufaransa Mpya, koloni la mfalme wa Ufaransa lililokuwa na miji ya Quebec na Montreal. Eunice alizaliwa wakati mataifa haya mawili yalikuwa tayari yanapigana. Vita hivyo vilitokana na kuondolewa kwa Mfalme James wa Pili katika kiti cha Uingereza mwaka 1688, na vilimalizika mwaka 1697. Wakoloni wa Kiingereza waliviita Vita vya Mfalme William. Baadaye wangepigana Vita vya Malkia Anne na Vita vya Mfalme George. Majina hayo yenyewe yanatosha kuonyesha ni nani aliyekuwa mwenye ugomvi.

Kiti cha Enzi Kilichokosa Mrithi

Tarehe 1 Novemba 1700, Mfalme Carlos wa Pili wa Uhispania alifariki bila kuacha mtoto. Himaya yake ilijumuisha sehemu kubwa ya bara la Amerika, Ufilipino, na maeneo kadhaa ya Italia na Uholanzi ya Kusini. Katika wasia wake alimrithisha Philip, mjukuu wa Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa. Nao ukoo wa kifalme wa Austria ulidai kuwa mrithi halali alikuwa mwana wao, Karl. Uingereza na Uholanzi ziliiunga mkono Austria, kwa kuhofu kuwa Ufaransa na Uhispania zingekuwa chini ya ukoo mmoja. Isitoshe, mwaka 1701 Louis alimtambua mwana wa James wa Pili kuwa mfalme halali wa Uingereza. Waingereza walilichukulia jambo hilo kuwa tusi kwa taifa lao. Hivyo basi viti viwili vya enzi vilikuwa vinagombaniwa kwa wakati mmoja. Malkia Anne alipotawazwa mwaka 1702, vita vilitangazwa mwezi Mei mwaka huohuo.

Habari za vita zilivuka bahari kwa meli. Ufaransa Mpya ilikuwa na wakazi wasiofika 20,000, ilhali makoloni ya Kiingereza yalikuwa na watu wapatao 250,000. Kwa sababu hiyo Gavana wa Ufaransa Mpya, Philippe de Vaudreuil, hakuthubutu kupigana uso kwa uso. Mbinu yake ilikuwa kutuma vikosi vidogo kuvishambulia vijiji vya mpakani kwa ghafla. Alikusudia pia kuuimarisha urafiki wake na Waabenaki, wenyeji waliokuwa wakipokonywa ardhi na Waingereza. Lengo lingine lilikuwa kupata mateka wa kubadilishana na Pierre Maisonnat, nahodha mteka meli aliyejulikana kwa jina la Baptiste, ambaye alikuwa kifungoni mjini Boston.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuwasawiri wenyeji asilia kama vibaraka wa Wafaransa tu. Wamohawk wa Kahnawake, kijiji kilichokuwa karibu na Montreal chini ya uangalizi wa makasisi wa Kijesuiti, walikuwa na sababu zao za kwenda vitani. Katika utamaduni wao, mtu alipokufa aliacha pengo katika ukoo, na pengo hilo lilipaswa kuzibwa. Ndui na vita vilikuwa vimewaua wengi. Kwao, mateka alikuwa mtu ambaye angeweza kuchukua nafasi ya marehemu. Wafaransa walihitaji mateka wa kubadilishana, nao Wamohawk walihitaji jamaa. Tofauti hiyo ndiyo iliyoyaelekeza maisha yote ya Eunice.

Alfajiri ya Deerfield

Kabla ya mapambazuko ya tarehe 29 Februari 1704, kwa kalenda ya Waingereza ya wakati huo, kikosi cha Wafaransa na wenyeji kilifika Deerfield. Kikosi hicho kilikuwa na wapiganaji kati ya 200 na 300, na kiongozi wake alikuwa Jean-Baptiste Hertel de Rouville. Kijiji kilizungukwa na boma la magogo, lakini theluji ilikuwa imerundikana dhidi ya boma hilo kiasi cha kuwa ngazi. Washambulizi walipanda theluji hiyo, wakaingia ndani na kuwafungulia wenzao lango.

Nyumba ya mchungaji ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuvamiwa. John, ndugu wa Eunice aliyekuwa na umri wa miaka 6, aliuawa mlangoni pamoja na Jerusha, mtoto mchanga aliyezaliwa wiki chache tu zilizokuwa zimepita. Parthena aliuawa pia. Hadi jua lilipokuwa limepanda, takriban wanakijiji 50 walikuwa wameuawa na 112 walikuwa wametekwa. Miongoni mwa mateka walikuwamo John Williams, mkewe, na watoto wao watano: Samuel, Esther, Stephen, Eunice na Warham. Eleazer, kifungua mimba wao, aliponea kwa kuwa hakuwapo kijijini.

Safari ya kwenda Kanada ilikuwa ya takriban kilomita 480 kwa miguu, katika theluji na mito iliyoganda. Usiku wa kwanza Frank aliuawa. Siku ya pili mama, ambaye alikuwa bado dhaifu kutokana na uzazi, alianguka ndani ya maji baridi alipokuwa akivuka Mto Green. Muda mfupi baadaye aliuawa kwa shoka, kwani asingeweza kuendelea na mwendo. Mateka wapatao 20 hawakuufikia mwisho wa safari hiyo.

Eunice alitendewa tofauti. Mmohawk aliyemteka alimbeba karibu njia nzima na kumtunza kwa upole. Babake, ambaye hakuwa na sababu ya kuwasifu watekaji, aliukiri ukweli huo katika kitabu alichokiandika baadaye. Katika siku zilezile alizompoteza mamake, mtoto huyu alikuwa tayari anabebwa kuelekea kwa mama mwingine.

Kahnawake: Jina, Lugha na Ukoo

Huko Kahnawake Eunice alipokewa katika familia ya Wamohawk na kupewa nafasi ya mtoto. Jamii ya Wamohawk hufuata ukoo wa mama. Wanawake ndio waliokuwa wenye mashamba ya mahindi na nyumba ndefu zilizokaliwa na jamaa kadhaa, na sauti yao ilikuwa na uzito mkubwa katika kuamua hatima ya mateka. Mtu aliyeingizwa katika ukoo hakuitwa tena mateka wala mgeni. Alikuwa na mama, ndugu, majukumu na haki kama mzaliwa wa pale.

Eunice alipewa jina A'ongonte, ambalo maana yake ni kwamba amepandwa kama mtu, yaani amefanywa kuwa mmoja wao. Baadaye alipokuwa mtu mzima alipata jina la Gannenstenhawi, lenye maana ya mwanamke aletaye mahindi. Makasisi nao walimbatiza upya katika Kanisa Katoliki na kumwita Marguerite. Hivyo basi mtu mmoja alikuwa na majina manne, na kila jina lilikuwa dai la upande fulani juu yake.

Kwa mwanafunzi wa isimu, suala la lugha ndilo linalovutia zaidi. Kimohawk ni lugha isiyo na sauti za midomo kama /p/, /b/ na /m/. Msemaji wake huweza kuzungumza siku nzima bila kuikutanisha midomo yake. Hata jina la Williams, lenye sauti /m/, halikuweza kutamkwa sawasawa kwa sauti za lugha hiyo. Eunice alijifunza lugha hii akiwa katika umri ambao mtoto hujifunza lugha kwa wepesi na kuisahau kwa wepesi uleule asipokuwa na wa kuzungumza naye. Katika muda wa miaka michache Kiingereza kilimtoka. Alipotimiza miaka 16, hakuweza kuzungumza na Mwingereza yeyote bila mkalimani.

Jitihada za Baba

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. John Williams, aliyekuwa akizuiliwa na Wafaransa, aliruhusiwa kumwona bintiye mara mbili tu katika kipindi cha kifungo chake. Katika kikao cha kwanza mtoto alikuwa bado anaikumbuka katekisimu, na alimsihi babake amwondoe mahali pale. Baba hakuwa na uwezo huo. Alimwagiza asisahau sala zake, kisha wakaachana.

Gavana Vaudreuil alijaribu kumkomboa. Wamohawk walipodai wapewe msichana mwenyeji mahali pake, Gavana aliagiza msichana huyo kutoka mbali, lakini alipotolewa walimkataa. Aliahidi kuwalipa sarafu 100 za fedha za Kihispania, nazo zikakataliwa. Kwa wafalme waliokuwa wakipigania hazina za Uhispania, kila kitu kilikuwa na bei. Kwa mama wa Kahnawake aliyekuwa amempata mtoto, fedha hizo hazikuwa na maana yoyote.

Mwaka 1706 Baptiste aliachiliwa na Waingereza, naye John Williams akarejea Boston mwezi Novemba mwaka huohuo. Watoto wake wengine wanne walikombolewa pia kati ya mwaka 1705 na 1706. Mwaka 1707 alichapisha kitabu kuhusu utekwa wake, ambacho kilisomwa sana katika Uingereza Mpya, jina ambalo makoloni ya kaskazini ya Kiingereza yaliitwa. Kitabu hicho kilimfanya Eunice ajulikane kote. Makanisa yalimwombea, na magavana wakaandikiana barua kumhusu. Msichana huyo alikuwa amegeuka ishara ya ushindani baina ya dini mbili na falme mbili, hali yeye mwenyewe alikuwa akijifunza kulima na kusuka huko Kahnawake.

Amani ya Wafalme na Jibu la Eunice

Mwaka 1711 ndugu yake Karl aliyekuwa mtawala wa Austria alifariki, na Karl akarithi himaya hiyo. Waingereza sasa walianza kuhofia muungano wa Austria na Uhispania kama walivyouhofia ule wa Ufaransa na Uhispania. Haja ya kumpigania Karl iliisha. Mwezi Aprili 1713 Mkataba wa Utrecht ulitiwa saini. Philip alibaki kuwa mfalme wa Uhispania kwa sharti kwamba viti viwili visiunganishwe. Ufaransa iliiachia Uingereza Acadia, Newfoundland na eneo la Ghuba ya Hudson. Zaidi ya hayo, Uingereza ilipata kwa miaka 30 haki ya kupeleka Waafrika 4,800 kila mwaka kuuzwa utumwani katika makoloni ya Uhispania. Hiyo ndiyo amani iliyopatikana. Waafrika ambao hawakuwahi kumsikia Carlos wala Philip waliandikwa katika mkataba huo kama sehemu ya malipo.

Mwezi Mei mwaka huohuo, John Schuyler, afisa na mfanyabiashara wa mji wa Albany, alisafiri hadi Kahnawake kumshawishi Eunice arudi kwao. Alimkuta tayari ameolewa na Mmohawk kwa jina Arosen. Kasisi alikuwa amekataa mwanzoni kuwafungisha ndoa, lakini vijana hao walishikilia kuwa wangeishi pamoja kwa vyovyote vile, naye akalazimika kukubali. Jambo hili linakanusha dai lililoenea wakati huo kuwa makasisi ndio waliomzuia Eunice.

Schuyler alizungumza naye kwa karibu saa mbili kupitia kwa mkalimani. Alimsihi akubali angalau kwenda kumwona babake, akamwahidi kuwa angekuwa huru kurejea. Eunice aliketi kimya. Alipofunguka mwishowe, alitamka maneno mawili tu ya Kimohawk, yenye maana ya kwamba huenda jambo hilo lisiwezekane. Kwa sikio la mgeni, maneno hayo yangeweza kuonekana kuwa yanaacha mlango wazi. Schuyler alielezwa kuwa kwa wasemaji wa lugha hiyo huko ni kukataa kabisa, isipokuwa ni kukataa kwa adabu. Sababu moja pekee ndiyo iliyojitokeza katika kikao hicho: kama babake asingalioa mke mwingine, Eunice angalikwenda kumwona zamani. John Williams alikuwa ameoa tena mwaka 1707. Kwa binti aliyelelewa katika jamii ya ukoo wa mama, yamkini nyumba isiyokuwa na mamake haikuwa tena nyumbani kwao.

Mwaka 1714 baba alifunga safari mwenyewe hadi Kanada katika ujumbe wa kudai mateka, akakutana na bintiye ana kwa ana. Mtoto aliyemsihi amwondoe miaka 10 iliyotangulia alikuwa sasa mke wa mtu, na hakuna lugha waliyoielewa wote wawili. Eunice hakurudi. John Williams alifariki mwaka 1729 bila kumrudisha. Eunice hakuwa peke yake katika uamuzi huo. Mateka wengine kadhaa wa Deerfield, wengi wao watoto wa kike, walibaki Kanada maisha yao yote.

Ziara za Eunice

Mnamo Agosti 1740, miaka 36 baada ya kutekwa, Eunice alikubali kukutana na ndugu zake mjini Albany. Stephen, ambaye sasa alikuwa mchungaji wa Longmeadow katika Massachusetts, alikuwa amesubiri siku hiyo kwa muda mrefu. Furaha na majonzi vilichanganyika. Ilibidi mkalimani atafutwe ili ndugu wa tumbo moja wasalimiane. Eunice na Arosen waliandamana na Stephen hadi Longmeadow, wakakaa siku chache, kisha wakarejea kwao.

Wiki chache baadaye, mwezi Oktoba 1740, Karl yule aliyewahi kukigombania kiti cha Uhispania alifariki huko Vienna. Aliacha binti, Maria Theresa, na majirani zake wakaanza kuinyakua mirathi yake. Ulaya iliingia tena vitani. Eunice alizuru Longmeadow tena mwaka 1741 na 1743, lakini mwaka 1744 vita hivyo vilifika Amerika na njia ya msituni ikafungwa. Mwaka 1745 Stephen alikuwa mchungaji wa kijeshi katika kikosi kilichoiteka ngome ya Wafaransa ya Louisbourg.

Vita vilivyofuata vilikuwa vibaya zaidi kwa familia hii. Mnamo tarehe 8 Septemba 1755, majeshi yalikutana karibu na Ziwa George. Stephen alikuwapo akiwa mchungaji wa jeshi la Kiingereza. Jamaa yake, Kanali Ephraim Williams, aliuawa siku hiyo. Wapiganaji wa Kahnawake, majirani na jamaa za Eunice, walikuwa upande wa Wafaransa. Walipoona kuwa upande wa pili palikuwa na Wamohawk wenzao, walisita kupigana. Taifa moja lilikuwa limegawanywa kati ya wafalme wawili, kama ilivyogawanywa familia ya Williams.

Montreal ilipotekwa na Waingereza mwaka 1760, Kahnawake na Longmeadow zilijikuta chini ya mfalme mmoja kwa mara ya kwanza. Mwaka 1761 Eunice, ambaye sasa alikuwa na umri wa miaka 64, alikwenda kumwona Stephen kwa mara ya mwisho. Hapakuwa tena na mpaka wala adui wa kumzuia kubaki. Hata hivyo, alirudi Kahnawake kama kawaida yake. Safari hiyo ilithibitisha kuwa si vita vilivyomweka huko kwa miaka yote hiyo.

Arosen alifariki mwaka 1765. Stephen alifariki mwaka 1782. Eunice mwenyewe alifariki tarehe 26 Novemba 1785 akiwa na umri wa miaka 89. Wakati huo Ufaransa ilikuwa imekwisha kuondolewa Kanada, na makoloni alimozaliwa yalikuwa yamejitenga na mfalme wa Uingereza na kuwa nchi huru isiyo na mfalme.

Kitukuu Aliyedai Taji

Kisa hiki kina tamati isiyotarajiwa. Eleazer Williams, kitukuu cha Eunice aliyezaliwa mwaka 1788, alisomeshwa Longmeadow na baadaye akawa mhubiri. Katika miaka ya 1850 alijipatia sifa kwa kudai kuwa hakuwa Mmohawk kamwe, bali alikuwa Louis wa 17, mwana wa mfalme wa Ufaransa aliyeaminiwa kufa gerezani mjini Paris mwaka 1795. Baadhi ya magazeti ya Marekani yaliliunga mkono dai hilo, naye alikufa mwaka 1858 bila kulikana. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa mwaka 2000 kwenye moyo uliohifadhiwa wa mtoto huyo wa mfalme ulithibitisha kuwa alifia Paris kweli.

Kejeli ya mambo haijifichi hapa. Bibi alitekwa kwa sababu ya ugomvi wa wafalme, na alipopewa nafasi ya kuchagua alichagua kuwa aletaye mahindi. Kitukuu chake alizaliwa huru mbali na ugomvi huo, naye akatamani kuwa mfalme.

Kwa upande mwingine, mwaka 1837 kundi la Waabenaki waliojitambulisha kuwa wa uzao wa Eunice walifika Deerfield kuyazuru makaburi ya wazazi wake. Hawakuja kudai chochote. Walikuja kuwaamkia wahenga wao.

Hitimisho

Maisha ya Eunice Williams yanatufunza kwamba mipaka inayochorwa na watawala si lazima iwe mipaka ya moyo. Vita vinne vya wafalme vilipiganwa katika muda wa uhai wake, na kila kimoja kilimalizika kwa mkataba. Mikataba hiyo ilitaja ngome, visiwa, samaki na idadi ya watumwa. Lau ingaliweza kumrudisha binti mmoja kwa babake, ingalifanya hivyo mwaka 1713, kwani kila aliyekuwa na mamlaka alikuwa ameridhia.

Kilichokosekana ni ridhaa yake, na ridhaa hiyo ilikuwa imeondoka pamoja na lugha. Waandishi wengi wa Kiingereza walimhesabu kuwa mtoto aliyepotea. Lakini mtu mwenye mume, watoto, shamba, jina na lugha ya kuwabembelezea wanawe hajapotea. Hasara ilikuwapo, nayo ilikuwa kubwa: mama aliyeuawa mtoni, baba aliyekufa na majonzi, Parthena na Frank ambao hawakupewa nafasi ya kuchagua lolote. Hasara hiyo inapaswa kuandikwa katika hesabu ya waliogombania kiti cha Uhispania. Eunice hakudaiwa chochote katika hesabu hiyo. Alipandwa katika udongo mgeni akiwa mtoto, akaota, na alipoombwa ang'olewe akakataa kwa maneno mawili ya lugha yake.